Simba na mkokoteni wa maji

Kwetu Kisauni, Mombasa, mfereji ukikauka twategemea vijana wa mkokoteni, sasa fikiria mbwa wenu aamue hakuna mtu wa mtungi atakayeingia geti. Huyo ndiye Simba, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Kwa familia ni mpole kabisa, hulala mlangoni kwa mama, lakini akisikia tu yale magurudumu yakikwaruza barabarani anasimama wima, nywele za mgongo juu, halafu anajirusha getini kama ataling'oa.

Wengi mwasema mwache, si ndio kazi yake, na kibao cha Mbwa Kali kiko nje. Mimi sikubali. Mbwa mlinzi anabweka kukuita, ukija ukimwambia basi ananyamaza. Anayerukia kila mtu mara nyingi ni woga unamsumbua. Mbwa huzoea watu akiwa mdogo sana, kama wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, na huyu tulimpata mkubwa, alikuwa anashinda kwa mnyororo, yaani kila mgeni kwake ni hatari.

Tulianza kwa daktari wa mifugo, manake mbwa mwenye maumivu pia huwa mkali. Akakutwa mzima, akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Halafu ndio maini ya kuku. Nachemsha, nakata vidogo kama kucha, naweka kwa kikopo. Mkokoteni ukisikika kule mbali, kabla hajaanza kubweka, anapata kipande, kingine, kingine, hadi upite, ukishapita maini yameisha. Mwanzo tulikaa nyuma ya nyumba kabisa, kamba mkononi, manake mkokoteni ukiwa karibu sana mwili wake unakakamaa, anafunga mdomo, anakodoa hadi weupe wa jicho unaonekana, na hapo hata umpe nyama ya mbuzi haioni, ni kurudi nyuma tu hadi alegee. Ikaja siku mkokoteni ukalia na badala ya kukimbia getini akageuka akaniangalia mimi, akingoja. Nilifurahi karibu nilie!

Jirani mmoja aliniambia nimchape kila akinguruma. Nilikataa na bado nakataa. Akinguruma anakuonya, ukimkanya hilo woga bado uko pale pale, ila sasa atauma bila kukwambia.

Kijana wetu wa maji amesaidia sana, Mungu ambariki. Ni Muislamu, na kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa waosha mara 7, moja kwa udongo, kwa hivyo sikumwomba amguse wala amlishe. Nilimwambia, kaka wewe simama tu ubavu, usimkodolee macho, mengine niachie mimi. Mtu hahitaji kumpenda mbwa wangu ndio awe salama kwangu.

Sai anaingia na mitungi hadi kwa tangi, Simba akiwa na kamba na kile kikapu cha mdomoni cha kumzuia asiume, ambacho tulimzoesha polepole kwa kupaka siagi ya njugu ndani. Nyumba ikijaa watu, kama Krismasi au matanga, anakaa chumba cha nyuma na mfupa wake, sitaki kumjaribu. Watoto hawaachwi naye peke yao hata kidogo. Na mbwa yeyote akiuma mtu, msianze kupaka vitu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi iliyobaki ni bodaboda. Hizo bado zinamshinda, mlio wake unakuja ghafla mno, kwa hivyo tumeanza na moja iliyozimwa, dereva amekaa tu juu yake chini ya mwembe, Simba akitulia tutamwomba aiwashe.