Nguzo Bila Minyororo

Hoteli ile ya Shanzu, pwani ya Mombasa, ilikuwa imefungwa kitambo, na wengi waliopita barabarani hawakujua kwamba nyuma yake, baina ya minazi na mivinje inayoelekea baharini, palikuwa na uwanja wa gofu ya visahani. Mimi nilijua kwa sababu mtoto wa ami yangu aliwahi kuajiriwa pale kutunza bustani, na kabla ya kuachishwa kazi alifundishwa mchezo huo na wageni, ambao mmoja wao alimwachia visahani vyake wakati wa kuondoka.

Kanuni zake ni za gofu, ila badala ya mpira na kishimo hurushwa kisahani kizito cha plastiki mpaka kiingie kikapuni. Kikapu hushikwa na nguzo, na juu yake hutundikwa minyororo ya kukizuia kisahani kisipite. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi.

Mzee aliyelinda lango alitupokea, mimi na huyo mtoto wa ami yangu, kwa shaka. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwatafuta nini humo, wanangu?" Tulipomweleza, alicheka. Minyororo, alisema, ilikwenda zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vikapu vilivyobaki vimeliwa na kutu ya chumvi.

Alisema kweli. Njia zilikuwa zimefunikwa na vichaka vya miba, na sehemu za kurushia tulizitambua kwa vipande vya saruji vilivyochungulia chini ya majani makavu ya mivinje. Kwa kuwa mbao za kuonyesha njia zilikuwa zimeng'olewa, kila mara ilitubidi tusimame juu ya saruji, tutazame imeelekezwa wapi, kisha tukisie aliyeupanga uwanja alitaka kisahani kipite wapi. Kazi hiyo ilinipendeza kuliko kurusha kwenyewe, na bado naamini kwamba uwanja uliofyekwa vizuri usingetufikirisha kiasi hicho.

Msimu ulikuwa wa kusi. Kisahani cha mtu anayerusha kwa mkono wa kulia, mkono ukitokea kushoto kifuani, kwa kawaida humalizia kwa kukata kushoto. Lakini kikikabiliwa na upepo wa mbele huelekea kupanda na kupinda kulia. Kila njia iliyoelekea baharini, basi, ilivipeleka visahani vyetu vichakani upande wa kulia, tukawa tunavitafuta kwa fimbo huku kunguru wakitupigia kelele. Mpangaji wa uwanja, nadhani, alizuru pwani wakati wa kaskazi.

Kwa vile hapakuwa na minyororo, tuliafikiana kwamba kisahani kikigusa nguzo kimeingia. Wakati huo sikujua kuwa tulikuwa tumerudi kwenye mchezo wa awali kabisa. Uwanja wa kwanza wa kudumu, uliofunguliwa na Ed Headrick mwaka 1975 katika Oak Grove Park huko California, ulitumia nguzo tupu, na ubishi wa kama kisahani kimegusa au hakikugusa ndio uliomsukuma kubuni kikapu cha minyororo, ambacho hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu, ilitoka mwaka 1977. Headrick alipofariki mwaka 2002 mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakachanganywa katika plastiki ya visahani kama alivyousia, habari ambayo mtoto wa ami yangu alipoisikia baadaye aliipokea kwa astaghfirullahi.

Ubishi huo ulitufika kwenye nguzo ya mwisho. Mzee, aliyekuwa ametufuata kwa udadisi, aliomba naye ajaribu, akakirusha kisahani kwa mkono wa chini kama atupaye mshipi. Kilipita ubavuni mwa nguzo, na yeye akaapa kuwa amesikia chuma kikilia. Ndugu yangu alikataa katakata, akidai kuwa kilicholia ni kuti kavu. Nikafanywa mwamuzi. Nilimpa mzee pointi yake, maana funguo za lango alikuwa nazo yeye.