Mkate wa mawele wa Ba: wiki ya saba

Naandika haya sasa kabla sijasahau nilipokosea na nilipopatia.

Mradi wangu ni mmoja: kupika rotlo, mkate wa mawele, kama alivyokuwa akiupika bibi yangu, tuliyemwita Ba, kijijini kwetu Kutch, Gujarat, magharibi mwa India, si mbali na bandari ya Mandvi. Sitaki unaofanana nao, nautaka ule ule. Ndio niliokula tangu nilipoota meno hadi nilipoolewa nikaja Mombasa. Huku nimejua kusonga ugali, nimejua wali wa nazi, na chapati ni za kila siku. Lakini asubuhi za baridi za Januari kule kwetu hunirudia kwa harufu moja tu, ya mkate wa mawele ukianza kuungua ukingoni.

Kutch ni nchi kavu. Mawele huvumilia ukame, ndiyo maana wakulima wetu waliishi nayo. Asubuhi mkate uliwekwa siagi nyeupe na sukari guru (hata hilo neno “guru” asili yake ni Bara Hindi, gur), na pembeni chatne ya vitunguu saumu na pilipili nyekundu iliyopondwa kwenye kinu cha jiwe. Mchana ulitelemshiwa mtindi uliopigwa ukawa mwepesi, wenye chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa.

Ba hakuacha daftari. Jiko lake lilianguka pamoja na nyumba kwenye tetemeko la Januari 26, 2001, naye alikuwa ameshatangulia. Nilichobaki nacho ni kumbukumbu zangu na masi, mdogo wake mama, anayeishi Bhuj, mji mkuu wa Kutch.

Wiki mbili za kwanza ziliharibika zote. Nilinunua unga wa pakiti, nao ulikuwa mchungu. Nikidhani nimeunguza, nikapunguza moto, uchungu ukabaki pale pale. Mkate wenyewe ulipasuka ukingoni kama tope la bwawa lililokauka. Nilipomweleza masi hakuuliza habari ya moto. Aliuliza, “Unga umesagwa lini?”

Hapo ndipo nilipomwelewa Ba. Mawele yana mafuta mengi kuliko ngano, na yakishasagwa mafuta yale huchacha upesi. Alfajiri alikuwa akikaa kwenye mawe yake mawili, la juu lenye mpini, akisaga ya siku ile tu. Nilikuwa nikiamshwa na mngurumo wa mawe yale, na utotoni nilidhani ni mazoea ya wazee.

Wiki ya tatu nikanunua mawele mazima soko la Kongowea, nikayapepeta, nikayaosha, nikayaanika juani siku nzima. Mashine ya mtaani kwetu husaga mahindi, basi nilimwomba kijana aitoe unga wote uliobaki ndani kwanza. Nilisaga kilo mbili. Ulitoka wa kijivu chenye ukijani kidogo, na nilipouleta puani nilisimama pale pale mlangoni nikashindwa kuendelea kwa muda. Nusu nimeuweka kwenye friza, nusu nimeutumia ndani ya siku nne. Uchungu umekwisha kabisa.

Kukanda kumenichukua wiki mbili nyingine. Unga wa mawele hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo mkono uliozoea chapati hudanganyika. Kinachoushikanisha ni maji ya uvuguvugu na kusukumwa kwa kitako cha kiganja, mbele na nyuma, mpaka donge linakuwa laini bila mstari wowote. Mimi nilikuwa nikikanda wa mikate sita kwa pamoja, na ukifika wa tatu umeshakauka. Masi alinikatiza: “Beti (binti yangu), donge moja, mkate mmoja. Huu ukiwa motoni ndipo unakanda mwingine.” Chumvi nayo huyeyushwa kwenye maji, haimwagwi kwenye unga.

Kisha kuupiga. Rotlo halisi hausukumwi kwa mti wa kusukumia chapati, hupigwa baina ya viganja viwili, pa, pa, pa, huku ukizungushwa kidogo kila pigo. Nilijaribu siku kadhaa, kila mara upande mmoja mnene, mwingine unaonekana mwanga. Siku moja nikavaa bangili za kioo, ambazo siku hizi sizivai jikoni, nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Ba alipokuwa akipiga mkate, bangili zake zilikuwa na mwendo mmoja usiobadilika, pigo na mlio, pigo na mlio, wala hazikuharakisha mkate ulipopanuka. Nikafumba macho nikaufuata mwendo ule. Mkate ulitoka duara, unene mmoja.

Jumapili ya juzi ulifura. Niliuweka kwenye tawa, kikaango bapa cha chuma, nikaupaka maji kidogo juu kwa ncha za vidole ili usipasuke, nikaugeuza maji yalipokauka, kisha nikauweka moja kwa moja juu ya moto. Uliinuka kwanza pembeni, ukatulia, halafu mvuke ukausukuma wote juu kama mto uliojazwa sufi. Nikautoboa kwa kidole gumba mahali patano, kama alivyokuwa akifanya Ba, siagi ikazama kwenye vishimo.

Bado katikati huungua kabla ukingo haujaiva. Ba alitumia kigae cha udongo, nacho husambaza moto polepole. Nimeshamwagiza mfinyanzi mmoja anitengenezee.

Nilimpigia masi nimwonyeshe picha. Akasema, “Picha haitaniambia kitu. Nitumie sauti ukiwa unapiga.” Nikairekodi simuni, nikamtumia. Jibu lilikuja usiku: mwendo ni sawa, ila naanza kupiga mapema mno, donge halijalegea. Nilisubirishe mkononi kidogo, kisha nianze.