Sekunde tisa za zamani si sekunde tisa za leo

Golf GTI ya Volkswagen ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na nguvu za farasi 110 na ilifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tisa hivi. Wakati huo hilo lilikuwa gari la kasi kweli kweli. Beetle 1200 ya farasi 34 ilichukua zaidi ya nusu dakika, na familia nzima ilisafiri nayo bila kunung'unika. Siku hizi sekunde tisa ni za gari la kupeleka watoto shule.

Lakini kilichobadilika zaidi ni toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm (nyutoni-mita). GTI ile ilitoa takriban Nm 140, tena injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kwa hiyo ilibidi ushushe gia na kuiacha injini ilie. Golf ya sasa ya lita 1.5 yenye turbo na farasi 150 inatoa Nm 250 kuanzia mizunguko 1,500. Ina uzito zaidi kwa kilo 400 na ushei, ila ukikanyaga mafuta inaondoka hapo hapo. Miguu yetu imezoea hivyo, ndiyo maana injini nzima kabisa ya lita 1.6 isiyo na turbo hupelekwa gereji eti haivuti.

Pedali ya mafuta ya elektroniki nayo inaweza kukudanganya. Magari mengi hupangwa yaitike sana pedali inapoguswa tu, kisha ukiikandamiza hakuna kikubwa kinachoongezeka. Ukitaka kununua gari, lijaribu kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa likiwa na abiria, barabara ikiruhusu. Huko ndiko utakakolipita lori.

Toki kubwa kwenye mizunguko ya chini ina gharama yake. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa gia ya juu na mizunguko chini ya 1,500 au 2,000, matone ya oili yaliyochanganyika na petroli yanaweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche. Pigo hilo moja linaweza kuvunja pistoni pale ringi zinapokaa. Shusha gia kwanza, na tumia oili ya daraja la API SP, iliyoanza mwaka 2020 na imetengenezwa kuzuia tatizo hili. Unene wake ufuate kitabu cha gari. Petroli ikinyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda haioshi tena vali za kuingizia hewa, hivyo masizi hujengeka juu yake. Gari likianza kutetemeka asubuhi likiwa baridi na plagi ni nzima, fungua manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, uzitazame vali hizo.