Karatasi ya ukutani na hatua za kando

Kwa miaka mingi nilidhani mdogo wangu, aliyezaliwa na sindromu ya Down na sasa ana miaka 31, ni mvivu wa mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa amempa karatasi yenye michoro ya kusimama kwa vidole, kunyanyua mguu mmoja na kugeuka taratibu. Tuliibandika ukutani mpaka ikapauka, na karibu kila jioni tuligombana mbele yake. Siku hizi hucheza dansi mara mbili kwa wiki bila kusukumwa na mtu, nami nimelazimika kukiri kwamba uvivu haukuwapo.

Mwili wake una madai yake. Watu wengi wana kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi) mbili katika kila seli, naye anazo tatu, hali ambayo watafiti wa Ufaransa waliieleza mwaka 1959. Kwa sababu hiyo misuli huwa milegevu tangu utotoni, viungo hunyumbuka kupita kiasi, na serebela, yaani sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo na mizani ya mwili, huwa ndogo kuliko kawaida. Mtu mzima wa namna hii mara nyingi hutembea kwa hatua fupi akiwa ametanua miguu, na hukaza misuli ya pande zote mbili za kiungo kwa wakati mmoja ili asiyumbe, jambo linalomchosha mapema sana. Uchovu huo ndio niliokuwa nikiuita uvivu.

Dansi humfundisha hasa kuhamisha uzito wa mwili. Hatua ya kando inaonekana jambo dogo, lakini haiwezekani mpaka mguu mmoja ukubali kubeba mwili wote huku mwingine ukisafiri, na mdundo humwonyesha ni lini afanye hivyo bila mtu kumhesabia. Aidha, watu wengi wenye hali hii hushika kwa macho vizuri zaidi kuliko kwa masikio, na maelekezo marefu huwapotea kabla hayajakamilika. Mwalimu wake analijua hilo: hasemi kushoto wala kulia, bali husimama mbele akiwapa mgongo, wote wakitazama upande mmoja, naye huucheza wimbo uleule kwa wiki nyingi. Mimi wimbo huo umenichosha kabisa. Wao hawachoki, na kila wiki haja ya miguu yao kufikiri hupungua.

Niseme pia kwamba tiba ya dansi ni taaluma yenye wataalamu waliosomea, na miongoni mwa waasisi wake ni Marian Chace, aliyeanza kazi hiyo katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington mwaka 1942. Mwalimu wetu si mmoja wao, hivyo tulimkutanisha na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza. Daktari naye alimpima mdogo wangu moyo, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, akachunguza na shingo, ambayo pingili zake mbili za juu zinaweza kuwa legevu. Kwa sababu hiyo hakuna kupinduka kichwa chini wala kurusha shingo, hata pale wimbo unapochochea.

Jambo moja bado linaniudhi: mahali pa kwanza tulipompeleka waliwapigia watu wazima nyimbo za chekechea. Alisimama ukutani akakunja mikono, na sikumlaumu.

Sasa anashuka ngazi kwa kupokezanisha miguu, ingawa mkono haujaachia reli. Juzi niliitazama tena ile karatasi iliyopauka nikagundua kwamba kusimama kwa vidole kumo katika kiitikio, kugeuka kumo katika ubeti wa pili, na mguu mmoja hunyanyuliwa mwishoni, pale anapopenda kuchelewa kuushusha ili atazamwe.