Mgongaji wa saa nane usiku

Ilianza kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Du. Du. Halafu du-du-du-du, ukuta wa chumbani unatetemeka, kisha kimya. Nikachukua tochi na panga, nikazunguka nyumba nzima. Hakuna mtu. Mbwa wa jirani kalala fofofo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Ni mtu wa Pemba, na aliyekuwepo Pemba mwaka 1995, watu walipokesha nje kwa kumhofia jini popobawa, hachezi na sauti za usiku. Asubuhi akaniita: "Baba Salma, nyumba hii isomewe." Nikaitikia, "Sawa mama," ubani ukafukizwa. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Ijumaa, saa nane kasoro, du-du-du-du.

Nikapanda darini kutafuta panya. Vumbi tu. Mabati nayo hulia jioni yanapopoa, tena hulia pa! mara moja, hayapigi ngoma. Nikashuku friji, nikazima swichi kuu, tukakaa gizani tukitota jasho la Dar. Sauti ikaendelea kama kawaida.

Kilichonisaidia ni daftari la madeni la genge la mke wangu. Ukurasa wa nyuma nikawa naandika siku na saa. Wiki mbili baadaye ukasomeka hivi: Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Mke wangu akatupa jicho mara moja tu. "Si siku za maji hizo?"

Hapa kwetu Tabata maji ya mgao hutoka usiku wa siku hizo. Kabla hatujanunua tangi, yeye ndiye aliyekuwa akiamka kukinga ndoo. Mimi nilikuwa nakoroma.

Jumanne iliyofuata nikakesha. Nikabandika mdomo wa glasi ukutani, sikio kwenye kitako, nikasogea hatua kwa hatua. Sauti ilizidi nyuma ya kabati, mahali linapopita bomba la kupandisha maji kwenye tangi. Nikatoka nje nikalishika: linarukaruka mkononi kama kambale. Nikafunga koki ya mita, kimya. Nikafungua, du-du-du.

Kumbe ni boya. Tangi la lita 1,000 likikaribia kujaa, maji yanayoingia yanapiga mawimbi, boya linapanda na kushuka. Likipanda linafunga maji ghafla, na yale yanayokuja kwa presha yanagota. Likishuka linafungua tena. Ndiyo maana ikawa saa nane, si saa tano maji yanapoanza kutoka. Na fundi rangi aliyetupakia nyumba mwezi uliotangulia alifungua vibano viwili vya bomba ili apake vizuri, hakuvirudisha. Bomba likapata nafasi ya kuupiga ukuta.

Fundi bomba alibadilisha boya, mpira wake wa ndani ulikuwa umelika, akakaza vibano. Kisha akafanya kitu ambacho nisingekibuni: akaning'iniza kikopo cha mtindi kwenye mkono wa boya, kizame majini, boya lisirukeruke. Nilimtazama kwa mashaka. Kikopo hicho kipo mpaka leo.

Ukurasa wa daftari nao haukuchanwa. Juzi mteja mmoja aliuona, akamwuliza mke wangu huyu wa Jumanne na Ijumaa anadaiwa kiasi gani.