Laki Moja na Elfu Nane

Julai 2011 nilikuwa na shilingi milioni moja na laki mbili kwenye bahasha, na miezi minane tangu niajiriwe kuwa bibi shamba huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wakulima wangu walitawanyika mlimani, kihamba na kihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinatenganishwa na korongo, na Hiace inageuza pale lami inapoishia. Pikipiki ya ofisi ilikuwa moja, sisi watu wanne. Siku moja nilimwahidi mama mmoja kwamba saa tatu asubuhi nitakuwa kwake tupogoe kahawa. Nilifika saa sita kasoro, nikakuta ameshafunga mlango ameenda sokoni, na ile mibuni yake mizee imesimama vilevile na matawi makavu. Nilirudi kwa miguu hadi kituoni nikiwa nimeshaamua.

Nilianza vibaya. Kwenye yadi moja mjini Moshi walinionyesha pikipiki nyekundu inayong'aa, geji inasoma elfu kumi na tisa. Nikawa tayari nimeshaipenda. Mjomba wangu, ambaye ana gereji Majengo na alikuwa akifungua injini kabla mimi sijazaliwa, aliinama akaangalia vitu ambavyo sikuwa nimeviona. Raba ya kiki imelika mpaka chuma kimetokeza. Raba za kukanyagia zimekuwa laini kama kipande cha sabuni. Skrubu inayoshika waya wa geji ina alama mpya za bisibisi. "Elfu kumi na tisa haili raba namna hii, mama," aliniambia. Halafu akagusa injini, akaikuta ya moto. Mtu alikuwa ameiwasha mapema ili isisumbue mbele yetu. Na kadi ilikuwa na jina la mtu aliyeko Dodoma ambaye pale yadi hakuna aliyekuwa na namba yake. Tukaaga.

Wiki ya pili mjomba akapata habari za mzee mmoja wa Kibosho, bwana shamba mstaafu, anayeuza Yamaha AG100 yake. Kwa asiyeijua, hiyo ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya shamba: keria mbele na nyuma, stendi kushoto na kulia ili uiegeshe upande wowote wa mteremko, na cheni iliyofungiwa ndani ya boksi lake, tope na vumbi haviifikii. Injini ni ya cc 97 tu, ya stroki mbili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Mbio haina. Ila njia za mgombani inaziweza.

Tulifika asubuhi, baridi ya Julai imeshika, Kibo haionekani kwa ukungu. Nikatoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba, na mjomba akasalimiana naye kwa Kikibosho kwa muda mrefu huku kiganja chake kimelala juu ya mapezi ya silinda. Ilikuwa baridi kabisa, ina umande. Nikaona bega la mjomba linashuka.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye geji. 08316. Nadhani furaha ilionekana usoni, maana mzee akasogea.

"Hiyo usiifuate, mwanangu. Ina tarakimu tano tu. Ilishafika mwisho ikarudi sifuri. Wewe ongeza laki moja."

Laki moja na elfu nane. Umbali huo unaizunguka dunia mara mbili na bado una safari mbele. Nilimtazama mjomba nikitegemea aseme twende zetu. Yeye alikuwa ameshavua koti.

Mzee hakuwa amelazimishwa kusema. Angenyamaza, ningelipa bei ya pikipiki ya elfu nane na kumshukuru juu. Jambo hilo nililibeba moyoni mchana kutwa, na bado ninalo.

Mjomba alipiga kiki taratibu kwa mkono kwanza, akisikiliza mgandamizo unavyomrudisha. Kisha akapiga kwa mguu. Ya tatu ikawaka. Moshi ukatoka mzito, mweupe wenye ubuluu, nikaogopa. Akaniambia nisubiri. Stroki mbili ikiwaka baridi lazima itoe moshi. Cha kuogopa ni moshi usioisha, hasa wenye harufu ya oili ya gia, kwa sababu hapo sili ya krenki upande wa klachi imekufa na injini inakunywa oili ya giaboksi. Baada ya dakika chache moshi ukawa mwembamba, ukabaki uzi tu. Akafungua kifuniko cha pampu ya oili akahakikisha haijazibwa, kwa kuwa mafundi wengi wakishindwa kuirekebisha huiziba na kumwambia mwenye pikipiki achanganye oili kwenye tangi kwa kukadiria. Hii ilikuwa inafanya kazi, na alama yake imelingana na ya kabureta.

Beringi za magurudumu, shingo ya usukani, shokapu za mbele, vyote alivitikisa na kuvipitisha. Tairi la nyuma lilikuwa kipara. Sproketi, alipofungua boksi la cheni, ilikuwa na meno yaliyonyooka, hayajapinda kama ndoano. Akanipa pikipiki nipande nayo mlimani hadi kanisani na kurudi, kilomita nne kwenda na kurudi. Ilipanda bila kulalamika, gia ya pili, polepole, huku migomba ikinipita pande zote.

Niliporudi nikaiacha ikinguruma. Ndipo tukasikia. Ilitulia vizuri, halafu mlio ukaanza kupanda wenyewe, taratibu, kama mtu anavuta mafuta, na mkono wa mtu haupo. Mjomba akaizima hapohapo.

"Meku, hii inavuta hewa. Sili ya upande wa magineti," akamwambia mzee.

Mzee akashtuka kweli. Akasema yeye huzima akishafika, hajawahi kuiacha ingurume ikiwa ya moto. Mjomba akanieleza mimi, si yeye: hewa ikipenya pale, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo na hewa nyingi, joto linazidi, na pistoni inaweza kuungua hata ikatoboka katikati ya mlima. Sili yenyewe ni raba ya bei ndogo. Swali lilikuwa imevuja kwa muda gani na pistoni imeumia kiasi gani. Akaomba ruhusa ya kufungua silinda hedi.

Mzee akakubali, ila akasema kwanza ipoe na kwanza tule. Mama wa nyumba akatuletea mtori. Tukiwa tunakula, mzee akaingia ndani akatoka na kauntabuku lenye jalada jeusi, kona zimechakaa, akaniwekea mapajani. Kila mstari ulianza na kilomita, kisha tarehe, kisha kazi iliyofanyika. Plagi. Plagi na waya wa klachi. Ekzosi imetolewa masizi kwa moto. 41,270, silinda imechongwa, pistoni 0.25, yaani pana kuliko ya awali kwa robo milimita. 78,905, silinda imechongwa, pistoni 0.50, konrodi mpya na beringi za krenki. Penye 99,999 alikuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu, na chini yake akaanza kuandika laki kwa mkono, 100,040, tairi la mbele. Mwandiko ulikuwa uleule wa bwana shamba anayejaza ripoti, miaka kumi na sita, ya mwisho unatetemeka kidogo.

Nilimsomea mjomba. Alitikisa kichwa akiendelea kula. Baadaye nilielewa kwamba alitaka kukiona kitabu kile kwenye chuma.

Hedi ya stroki mbili haina valvu wala kamshafti, ni nati chache tu na inatoka. Kichwa cha pistoni kilikuwa cheusi kwa masizi. Mjomba akachovya kitambaa kwenye petroli akafuta kwa kuzungusha, mara moja, mara mbili, na katikati ya weusi ule zikajitokeza tarakimu zilizogongwa kiwandani: 0.50. Akanivuta bega nizione. Ukingoni hapakuwa na alama ya kuyeyuka. Kuta za silinda zilikuwa safi, bila mkwaruzo wa kushikwa. Akaisogeza pistoni juu kabisa, akaikandamiza kwa vidole gumba viwili huku mimi nikitikisa magineti kidogo mbele na nyuma. Tukasikiliza kama konrodi inagonga. Haikugonga.

"Bado ina 0.75 na 1.00," akasema. Maana yake silinda ile ingeweza kuchongwa mara mbili zaidi kabla ya kwisha.

Kadi ilikuwa ya mzee mwenyewe, na namba za injini na chesisi zililingana tarakimu kwa tarakimu. Nilizisoma kwa sauti, mjomba akinimulika kwa simu. Bei aliyotaja ilikuwa milioni moja na laki moja. Mjomba alitaja sili na tairi, mzee akatafakari, akasema laki tisa na nusu na asiongezewe neno. Nikahesabu noti juu ya meza. Tukakubaliana siku ya kuonana TRA kubadilisha jina.

Kabla hajanipa kauntabuku aliomba kalamu. Akaandika: 108,320, sili ya magineti inavuja hewa, haijabadilishwa. Imeuzwa. Akaupuliza wino kama walivyofanya watu wa zamani, akalifunga.

Mjomba hakukubali niiwashe kurudi nayo mjini. Alisema tumeshaona ugonjwa, haina haja ya kuuzidishia. Toka Kibosho hadi Moshi ni mteremko mrefu, basi tukafunga petroli, nikaweka gia huru, yeye akapanda nyuma, tukashuka injini imezimwa. Sijawahi kupanda pikipiki kimya vile. Nilisikia tairi kwenye changarawe, cheni ikizunguka ndani ya boksi lake, maji kwenye mfereji, mtu anaita mbuzi. Watoto walisimama kando ya barabara wakishangaa chombo kinachopita bila mlio, na mmoja akatusalimia shikamoo kwa sauti ya chini kana kwamba asituamshe. Mjomba alinishika mabega na kila baada ya kona alisema, "Breki. Achia. Breki." Barabara ilipolala tulishuka tukasukuma.

Geji ya AG100 inaendeshwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo ilihesabu njia nzima. Usiku ule pale Majengo mjomba alitoa magineti, akang'oa sili iliyokuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha kucha, akaweka mpya, na ya upande wa klachi akaibadilisha pia kwa kuwa zina umri mmoja. Nikafungua kauntabuku chini ya taa, nikaandika mstari wangu wa kwanza chini ya wa mzee: 108,334, sili mbili mpya za krenki. Mwandiko wangu ulionekana mkubwa mno kando ya wake. Jumatatu saa mbili na nusu nilikuwa Uru kwa yule mama, na mkasi wa kupogolea umefungwa kwenye keria ya mbele.