Tulivyorekodi jazi, violini na kompyuta mbele ya watu Lubumbashi

"Vijana, vuteni tu kebo mbili kutoka kwenye mikisa, ingizeni kwenye kompyuta, kazi imeisha." Huo ndio ushauri wa kurekodi onyesho letu tuliopewa na karibu kila mtu hapa Lubumbashi, na kama tungeufuata tusingekuwa na albamu leo. Fundi wa ukumbini kazi yake ni kuongeza kile ambacho watu hawakisikii. Ngoma zinajitosheleza, kwa hiyo kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, ziko chini kabisa; violini na kompyuta ndizo zimepandishwa. Rekodi hizo kebo mbili, utapata ngoma za mbali na violini zinazokupigia kelele usoni. Kila ala iwe na treki yake, yaani njia yake ya kurekodiwa, ichukuliwe kabla ya kufika kwenye kitelezi cha sauti, ili fundi akipunguza au akiongeza kwa ajili ya ukumbi, rekodi isiguswe.

Treki zetu zilikuwa 22, biti 24, kilohezi 48. Hiyo ni gigabaiti 11 na nusu hivi kwa saa. Angalieni diski: ikiwa katika mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na mkirekodi treki zote ndani ya faili moja, mtafika hapo baada ya dakika 20 na kidogo.

Tulichagua mwezi wa saba kwa sababu ya paa la mabati, maana mvua ya mwezi wa kwanza juu ya bati hakuna programu ya kuiondoa. Lakini mwezi wa saba Lubumbashi una baridi yake, na baridi hiyo ndiyo inayoharibu muziki wa aina hii watu wakidhani ni wapigaji hawajafanya mazoezi. Wakati wa balansi, yaani kujaribu sauti kabla ya onyesho, ukumbi ni mtupu na baridi, noti za saksafoni ziko chini. Watu wakijaa, joto linapanda na saksafoni inapanda nalo, kama senti 3 kwa kila digrii moja (senti 100 ni nusu toni). Nyuzi za violini zinafanya kinyume: zinalegea na kushuka. Sinthesaiza haina habari na lolote, noti yake ya La ni hezi 440 asubuhi na usiku. Mwaka 1957 mtunzi Mmarekani Gunther Schuller alipoupa jina mseto wa jazi na klasiki, alikuwa na pande mbili za kupatanisha. Sisi tuna ya tatu, ala za kielektroniki, nayo haisogei yenyewe.

Kwa hiyo isogezeni nyinyi. Mpiga saksafoni apulize dakika kumi kwenye chumba chenye joto kama la ukumbi uliojaa, halafu pimeni. Sisi tulipata 442. Tukapandisha sinthesaiza na piano ya umeme hadi hapo, violini wakafuata bila shida. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: vipande vya sauti vilivyorekodiwa zamani ndani ya kompyuta havifuati kitufe cha kupandisha sinthesaiza. Inabidi kuvipandisha kimoja kimoja, senti 8 kila kipande, la sivyo vitasugua sikio la msikilizaji naye asijue kwa nini.

Ushauri mwingine mbaya ulikuwa kumpa kila mtu kliki masikioni, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, na kompyuta iendeshe wimbo kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Tulijaribu mazoezini. Kliki ilivuja kutoka kwenye kaski za wapiga violini hadi kwenye maiki zilizobanwa juu ya violini zenyewe, na kwenye sehemu laini ilisikika tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Halafu saksafoni ikapata moto katikati ya solo, kompyuta ikahamia sehemu ya pili kwa sababu mapigo yake 64 yalikuwa yamekwisha. Nusu ya violini ikafuata kompyuta, nusu ikabaki na saksafoni.

Tukaukata wimbo vipande vya mapigo 16 au 32 vinavyojirudia. Kompyuta inazungusha kipande kimoja mpaka mpiga sinthesaiza akanyage pedali, na kinachofuata kinaingia mwanzoni mwa mzunguko tu, hata akikanyaga mapema. Kliki anaisikia mpiga ngoma, kwa kaski iliyofunika sikio lote, na mwongozaji sikio moja. Violini wanaangalia mkono wa mwongozaji, kama walivyofundishwa. Kwenye solo huru kliki inazimwa, inabaki sauti ndefu isiyo na pigo; mpiga ngoma akiwa tayari anagonga kidude mara nne na kompyuta inachukua mwendo wake. Solo zinazosifiwa kwenye albamu yetu zote zimepatikana hivyo.

Umeme: onduleri, yaani kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, ibebe mikisa, kompyuta na diski tu. Spika zitaimaliza kwa dakika chache. Chaja ya kompyuta ikileta mngurumo wa hezi 50, pitisheni sauti kwenye kisanduku cha DI, kinachounganisha ala na mikisa, na mbonyeze swichi yake ya kutenganisha masi, yaani ardhi ya kebo ya sauti. Msikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi. Watu wanaifanya hii na inaua. Onduleri na maiki za kubana tulikodi, dola mia tatu na kitu.

Ninachojivunia zaidi tulikifanya asubuhi baada ya onyesho. Sauti ya kompyuta inayopita moja kwa moja kwenye kebo ni kavu, wakati violini zina hewa ya ukumbi, na zikikaa pamoja moja inaonekana imebandikwa. Hatukubomoa kitu. Tulipiga treki za kompyuta peke yake kupitia spika zilezile, tukazirekodi kwa maiki mbili zilizochukua sauti ya ukumbi usiku wa onyesho, nafasi ileile: sentimita 17 kati yake, pembe ya digrii 110. Ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa, kwa hiyo mnatia kidogo tu chini ya ile kavu. Na msisahau kuivuta kwenye kompyuta ianze mapema zaidi, milisekunde 3 kwa kila mita kati ya spika na maiki, vinginevyo kila pigo la besi litasikika mara mbili.